Itashika

Nyumba ile Mkomani,
ya orofa tatu, ndani
ina ufa ukutani
na dari inabomoka.

Mawe twayatoa Manda,
yapandishwa kwenye punda,
kila kona ukienda
vichochoro vyazibika.

Kazi yangu ni kuvuta
jiwe kwa kamba; nafuta
jasho, kisha nalileta
hadi fundi akashika.

Wakati ule Famau
ndiye wa chini; na juu
akitupia jicho tu,
huimba huku acheka.

Yeye hufunga mafundo,
kisha hupiga kishindo
cha mguu; hilo tendo
maana yake: inuka.

Kamba nilikwisha ona
nyuzi zimeachiana;
jua kali la mchana,
nikasema, “Itashika.”

Itashika! Neno hili
ni jepesi, halijali,
halina hata dalili
ya jiwe litaloshuka.

Ilikuwa Alhamisi,
mwenye nyumba ana kasi:
kesho kutwa ni harusi
na paa limefunuka.

Famau akadondosha
patasi, akapitisha
mkono, kainamisha
kichwa kwenda kuishika.

Jiwe li juu hewani,
likagusa ukutani,
nikahisi mkononi
nyuzi zinavyokatika.

Mdomo ukanishinda.
Neno moja lingelinda,
“Chini!” – ndilo, likaganda
kooni, halikutoka.

Jiwe halina salamu,
wala halina fahamu
ya nyama ama ya damu,
lijualo ni kushuka.

Lampata mguuni,
ule wa kishindo, chini;
sauti ile, jamani,
hadi leo yasikika.

Twambeba kwa mlango
wa nyumba, wenye michongo,
punda wakatupa pengo,
hadi gati tukafika.

Mokowe, tena kwa gari,
usiku kucha safari;
hata daktari hodari
haungi kilosagika.

Fundi mkuu kanena,
“Ni kadari ya Rabana,
hakuna wa kuikana,”
na sote tukaitika.

Kaja mke, Mwanakombo,
hakulia, hana tambo,
akataka moja jambo:
kamba ile kuishika.

Akaipima kwa chanda,
uzi, uzi, akienda;
alipofika kidonda
cha kamba, akatamka:

“Kadari haina nyuzi,
hii inazo, ni wazi
zaoza tangu majuzi:
nani alijua, kaka?”

Sikujibu. Nikaona
kamba nami twafanana:
kwa nje tumeshikamana
na ndani tumekatika.

Sasa, kabla sijavuta,
kamba nzima naipita
kwa vidole; nikikuta
jeraha, ninaizika.

Chini nachora duara
kwa chokaa, iwe dira:
mwenye nyumba na hasira
zake hawezi kuvuka.

Na huyu kijana, Lali,
atokaye huko mbali,
kofia ngumu hajali,
ati nywele zachafuka.

Namwambia: “Lali, nywele
huota tena, milele;
fuvu ni moja, ni lile
mama alilolishika.

Punda akija na mawe,
tafuta mlango, uwe
ndani, kwani hata wewe
ukutani wasagika.”

Jana boriti, mkoko,
kamponyoka Mbarako;
“Chini!” – hadi kwenye soko
sauti ikasikika.

Ikapiga duarani
pasina mtu; hewani
vumbi jeupe, laini,
kama unga, likaruka.

Siku hizi naye huja
Famau, na gongo moja,
bila kuuliza hoja
hadi chokaa hufika.

Msamaha sijaomba,
wala hajanipa; kamba
tunayoshika, nyembamba,
bado haijakatika.

Husimama pale kando
aangalie mafundo,
kisha apige kishindo
kwa gongo: jiwe, inuka.